Shosti, anza na namba za simu za wazazi

Shosti wangu,

Mesej yako nimeisoma nikiwa zamu getini, nikacheka peke yangu mpaka watoto wakanishangaa. Yani kitengo cha afya cha shule yenu wamekukabidhi wewe, wewe uliyekuwa ukiona mtoto anatokwa damu puani unakimbia kabla yake! Hongera, na pole pia, maana najua ilivyokuwa, kikao kimefika mwisho, mkuu anauliza nani atabeba afya, wote mnainamia simu zenu, aliyechelewa kuinama ndo kapewa.

Umeniuliza mjiandaeje kabla msimu wa mafua makali haujaanza, na ukishaingia mfanyeje. Sikuandikii kama mtaalamu, nakuandikia kama mtu aliyekosea mwaka jana na akajionea.

Sisi kwa macho tulikuwa tumejiandaa kweli. Mabango ya kunawa mikono kila ukuta, sanitaiza kila mlango, watoto wameimbishwa namna ya kunawa kwa sekunde 20 na kukohoa kwenye kiwiko, mgeni akija anapiga picha. Sisemi ni bure, kunawa kunasaidia, na sanitaiza yenye alkoholi asilimia 60 au zaidi inaua hicho kirusi (angalia kibandiko kabla hamjanunua, kuna zingine ni marashi tu). Ila hakuna hata mmoja wetu aliyekuwa anaangalia daftari la mahudhurio.

Darasani kwangu wako 46. Jumatatu hawakuja 3. Jumanne 7. Nikaweka alama zangu nyekundu, nikafunga daftari, nikaendelea na hesabu za sehemu. Alhamisi hawakuja 15, ndo nikashtuka, na hapo tayari tulikuwa tumeshafanya kosa kubwa la msimu mzima, maana Jumatano walimu wawili waliugua na mkuu akaona dawa ni kuunganisha madarasa, wa kwangu wakahamia kwa jirani, wakabanana dawati moja watoto wanne wanne, madirisha yamefungwa kwa sababu ya baridi, huyu anakohoa yule anaazima kalamu aliyokuwa ameing'ata mwenzie. Unajua kilichofuata. Ijumaa darasa la jirani likaanza kupukutika, Jumatatu lilikuwa nusu tupu.

Baadaye nikaja kusoma vizuri nikaona hata hakukuwa na muujiza. Kirusi kikishaingia dalili zinatoka baada ya siku 1 mpaka 4, mara nyingi ni 2, na mtu anaanza kuambukiza kama siku moja kabla hajajijua kwamba anaumwa, halafu anaendelea siku 5 mpaka 7 baada ya kuanza kuugua, na watoto wadogo wanaweza kupitiliza hapo. Kwa hiyo ukisubiri darasa lijae makohozi ndo uchukue hatua umeshachelewa. Kila asubuhi kabla ya saa 4 mtu mmoja apite akusanye hesabu ya wasiokuja kwa kila darasa, na SABABU, si idadi peke yake. Homa na kikohozi viandikwe pembeni. Darasa ambalo kawaida linakosa watoto wawili likikosa sita ghafla, siku hiyohiyo piga simu kwa watu wa afya wa eneo lenu, usingoje kikao.

Sasa nikwambie kitu kilichoniumiza. Kuna mtoto wa dawati la mbele, mchangamfu sana, asubuhi kaja yuko poa kabisa. Ilipofika saa 4 kalaza kichwa mezani, sikio jekundu kama limepigwa, nikamwinua ukurasa wa daftari ukawa umenata shavuni kwa jasho. Kumbe usiku kucha alikuwa na homa, mama yake kampa parasetamo alfajiri, homa ikashuka, kaja shule, dawa ikaisha nguvu katikati ya kipindi. Nikamuuliza kwa nini umekuja lakini mwanangu? Akanijibu kwa sauti ya chini, "Mwalimu, nataka cheti."

Cheti chenyewe ni kile cha kutokosa hata siku moja. Tunakigawa sisi wenyewe kila mwisho wa mwaka, na makofi juu! Yani tulikuwa tunawalipa watoto waje na homa. Na usidhani walimu tuna nafuu, mi mwenyewe nilifundisha siku mbili mwili unatetemeka kwa sababu kwetu ukikosa unaitwa kujieleza kama mwizi. Kwa hiyo shosti ukipewa nafasi ya kupigania jambo moja tu kwa mkuu wako, achana na ndoo za maji tiririka kwanza, pigania hili: anayeumwa abaki nyumbani na asipoteze kitu. Cheti kifutwe, mtihani aliokosa arudie, na mwalimu mgonjwa asihojiwe.

Kurudi shule kanuni inayotumika sana ni masaa 24 bila homa, na hiyo ni bila dawa ya kushusha homa, hapo "bila dawa" wazazi wengi wanaruka, waandikie kwa herufi kubwa. Wajapani wao wamekaza zaidi, mwanafunzi anakaa nje mpaka zitimie siku 5 tangu augue na pia siku 2 tangu homa imwache. Alafu hawa wana tabia moja nimeipenda, darasa likilemewa wanalifunga hilo darasa peke yake siku chache, mengine yanaendelea.

Maana najua swali litakalokuja kwenu, tufunge shule nzima au tusifunge? Wazazi watakuwa wamegawanyika na grupu la WhatsApp litawaka moto. Mwaka 2009 ule wa mafua ya H1N1, Marekani waliambiwa kwanza shule yenye mgonjwa ifungwe hadi siku 14, lakini mapema Mei wakageuza maneno, zibaki wazi ila wagonjwa wakae nyumbani, maana ugonjwa haukuwa mkali kama walivyoogopa na kufunga kulikuwa kunawaumiza wazazi wasio na wa kuwaachia watoto. Hata 1918, homa ile iliyoua mamilioni, New York na Chicago hawakufunga shule, waliwakagua watoto kila siku na mwenye dalili akatengwa. Miji mingine mingi ilifunga. Mi maoni yangu, kufunga ni uamuzi wa watu wa afya, wewe kazi yako ni kuwapa namba za kweli ili waamue vizuri.

Chumba cha kusubiria, nilitaka kusahau. Kwetu mtoto akiugua alikuwa anakalishwa ofisi ya walimu, katikati yetu, anatukoholea chai nzima. Tafuteni hata stoo ya mipira, toeni vitu, wekeni viti viwili mbali mbali, dirisha wazi, barakoa kwa mtoto kama anaweza kuivaa bila kuhangaika, na mtu mzima wa kumwangalia. Na akishafika hapo mzazi aitwe. Hapo ndo tulipoaibika, maana namba za simu zilizoko kwenye mafaili ni za siku ya kuandikishwa, nilipiga kumi, nne hazipatikani, moja akapokea mtu akaniambia hii laini nimeinunua mwaka jana dada. Yule mtoto wa cheti alikaa pale mpaka saa 9 alasiri.

Dawa msigawe ovyo. Aspirini mtoto mwenye mafua asipewe kabisa, kuna ugonjwa adimu unaitwa Reye unashambulia ini na ubongo. Antibayotiki haifanyi chochote kwa kirusi hata mzazi akisisitiza vipi. Ila jueni alama za kukimbiza mtoto hospitali bila kusubiri mtu: anapumua kwa shida au mbavu zinaingia ndani, midomo inabadilika rangi, hakojoi, hazinduki vizuri, degedege, au alikuwa amepona halafu homa na kikohozi vikarudi kwa nguvu. Wenye pumu, kisukari na moyo kaa na majina yao mapema, kimyakimya tafadhali, wasije wakatengwa na wenzao.

Kuhusu chanjo, kama inapatikana kwenu iitishwe mapema maana kinga inachukua kama wiki 2 kujijenga, na inarudiwa kila mwaka kwa vile kirusi kinajibadilisha. Walio chini ya miaka 9 wanaochanjwa kwa mara ya kwanza kwa kawaida hupewa dozi 2, wiki 4 katikati. Uingereza walianza 2013 kuwapa watoto ile ya kupulizia puani, na sasa watoto wengi wanaipata hapohapo shuleni, hakuna sindano wala kilio. Natamani ningekuwa huko siku moja tu nione darasa zima linapewa chanjo bila mtu kuruka dirisha.

Basi kesho asubuhi kabla ya mabango, kabla hujaomba hata sanitaiza, gawa vikaratasi kila mtoto aende navyo nyumbani, namba mbili za simu, ya mzazi na ya mtu mwingine anayeweza kuja kumchukua. Vikirudi zipige zote uone zipi zinaita. Nitakutumia picha ya daftari letu la mahudhurio tulivyoliongeza safu ya sababu, mkuu kanikubalia, ila cheti bado tunavutana, anasema nimuachie hadi mwisho wa muhula afikirie.

Nikumbushe na ile skafu yangu, ni mwaka wa pili sasa uko nayo.

Shoga yako wa siku zote