Pilau haipikiki kwa saa moja

Mhariri,

Waandaaji wa mashindano ya mapishi wamezoea kuwapa wapishi wawili saa moja na kengele, kisha wanashangaa pilau ikiletwa mezani mbichi. Muda huo unatosha samaki wa kukaanga. Nyama ya ng'ombe yenye mifupa, peke yake, hutaka saa moja na nusu hadi ilainike na kutoa supu ya maana.

Vitunguu ndivyo huamua mshindi. Kwa kilo moja ya mchele, vinne vikubwa hukaangwa dakika 15 hadi 20 kwa moto wa wastani. Mpishi akitiwa kiwewe na kelele za watazamaji huongeza moto. Kingo zinaungua, katikati kubichi, na uchungu ule hauondoki hata umwage bizari nzima ya duka zima. Basmati iliyolowekwa nusu saa inatosheka na lita moja na nusu ya supu inayochemka. Ikizidi, ni bokoboko. Ikiwa baridi, mchemko unakatika na punje haziivi sawasawa. Kisha makaa juu ya mfuniko, dakika 20 bila kufunua, na hapo ndipo mpiga picha huomba afunuliwe sufuria!

Nyama ichemshwe mapema mbele ya mwamuzi. Wapishi wapishane dakika 10 kuanza, ili sahani zote mbili zionjwe zikiwa moto. Na mbwembwe za visu zisipewe alama hata moja.

Wapishi wa shughuli,
Tanga