Krismasi Njema, na Salamu kwa Waigizaji

Ndugu zangu, heri ya Krismasi. Najua wengi mko mbioni: huyu anahangaikia tiketi ya kwenda kwao, yule anachambua mchele wa pilau. Mwaka huu salamu zangu ziwafikie kwanza wanaotoka kazini jioni na kwenda moja kwa moja kanisani kufanya mazoezi ya igizo la kuzaliwa Bwana Yesu. Kazi yao naithamini mno.

Nikiwafikiria hao, nalikumbuka jumba moja la Cleveland, Marekani, lenye jina la Kiswahili: Karamu House. Lilianzishwa mwaka 1915, miaka ambayo Weusi kutoka majimbo ya Kusini walikuwa wakimiminika huko kutafuta kazi. Russell na Rowena Jelliffe, mume na mke Wazungu, walifungua nyumba ya kuwakutanisha watu wa rangi zote kwa michezo na sanaa. Maigizo yakashika kasi kuliko yote. Kikundi cha watu wazima kilichoundwa 1920 kilijiita baadaye Gilpin Players, kwa heshima ya Charles Gilpin, mwigizaji Mweusi aliyekuwa aking'ara New York. Siku zile Mweusi akipandishwa jukwaani, mara nyingi ni ili achekeshe au abebe sinia. Pale Cleveland mwaka 1936 mwigizaji Mweusi alicheza nafasi ya Dessalines, mtumwa aliyekuja kuwa mtawala wa Haiti, katika tamthilia ya Langston Hughes, mshairi Mweusi wa Marekani. Hilo ndilo lililokuwa lengo: mtu Mweusi aonekane mzima, na utukufu wake na makosa yake.

Ukumbi wao uliteketea kwa moto 1939. Jengo jipya likafunguliwa 1949.

Hughes alilijua jumba hilo tangu akiwa mwanafunzi wa sekondari mjini humo. Mwaka 1961 igizo lake la Krismasi, Black Nativity, lilioneshwa New York, na Karamu wamelicheza misimu mingi. Waigizaji wote ni Weusi, nyimbo ni za injili. Mariamu na Yusufu hawatamki neno, wanacheza dansi tu. Saa ya kujifungua ikifika, ngoma zinafuata uchungu wa Mariamu, pigo kwa pigo. Sijui namna bora zaidi ya kueleza kwamba Mwokozi alizaliwa na mwanamke aliyeumia kama mama zetu.

Basi, kama parokiani au usharikani kwenu kuna kikundi kinachojiandaa, wachangieni nauli, waazimeni kanga na mashuka ya wachungaji, na siku ikifika mwende mapema mkae mbele. Anayecheza Mariamu mwambieni amefanya vizuri, tena mwambieni mbele ya wazazi wake.

Kwa ndugu wa Marekani mtakaoanza Kwanzaa, sikukuu ya Wamarekani Weusi, tarehe 26, heri kwenu pia. Walio safarini Mungu awafikishe salama. Krismasi njema na mwaka mpya wenye afya kwenu nyote.