Malalamiko: sitaha ya juu tuliyolipia kwenye Mfereji wa Panama

Meneja,
Huduma kwa Wateja,
Wakala wa Safari za Nje,
Dar es Salaam.

YAH: KUNYIMWA VITI TULIVYOLIPIA

Ndugu Meneja,

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Februari mwaka huu mimi na baba yangu tulipanda boti ya matembezi mliyotukatia tiketi: kutoka Gamboa, katikati ya mfereji, kupita mkato wa Culebra, kisha kushuka malango ya Pedro Miguel na Miraflores, yaani vyumba vya maji vinavyoteremsha meli kwa ngazi, hadi Pasifiki. Stakabadhi yenu inasema "viti viwili, sitaha ya juu", na kwa maneno hayo mlitutoza nyongeza. Tulipofika botini tukaambiwa juu kumekodiwa na kundi lenye sherehe. Tukaelekezwa chini, kwenye ukumbi wa vioo na kiyoyozi.

Kuchelewa sina neno. Mfereji ule ni wa biashara, unapitisha meli zaidi ya 30 kwa siku, na boti ya watalii lazima ingoje hadi ipangiwe meli ya kuingia nayo. Mzee wangu amestaafu bandarini hapa Dar. Foleni ya gati anaijua kuliko mimi na ninyi. Alisubiri bila kunung'unika.

Ninacholalamikia ni ukuta. Boti inaposhuka kuelekea Pasifiki hutangulizwa mbele ndani ya chumba cha maji, meli kubwa ikafuata nyuma yake, lango likafungwa na maji yakafunguliwa. Pale Pedro Miguel mnateremka kama mita 9 kwa mkupuo mmoja. Aliyeko juu anaiona pua ya meli ikiwa imewainamia, vichwa vya treni vya umeme vikitembea pembeni huku vimeishikilia kwa nyaya, na milango ya chuma iliyoanza kazi mwaka 1914. Aliyeko chini, maji yakishapungua kidogo tu, dirishani hana kingine ila saruji iliyolowa yenye ukoko wa kijani.

Miraflores iliniuma zaidi. Lango la mwisho la pale ndilo refu kuliko malango yote ya zamani ya mfereji, kwa sababu upande wa Pasifiki tofauti ya maji kujaa na kupwa hupita mita 5 wakati wa bamvua. Mzee alikuwa amenieleza habari hiyo tangu kwenye ndege. Akaomba apande ngazi alitazame lango hilo tu, kisha ashuke. Wakamkatalia, mhudumu akamletea juisi ya nanasi. Muziki wa sherehe tuliusikia vizuri sana kupitia dari.

Niliporudi na kulalamika ofisini kwenu, kijana wa mapokezi alinijibu kuwa mambo ya sitaha ni ya mwenye boti. Mwenye boti simfahamu, wala fedha yangu hakuichukua yeye. Tena kiongozi wetu kule Panama alinionyesha ujumbe ambao boti iliwatumia kuhusu kundi hilo kabla hatujaondoka Dar. Mlijua. Mngetuambia, tungebadilisha siku, maana tulikuwa na nafasi ya kufanya hivyo. Mlichagua kunyamaza.

Lipo na la tangazo, nalitaja kwa kifupi. Mmeandika "kutoka bahari hadi bahari". Safari hii haifiki Gatún, kwenye ngazi tatu zinazopandisha meli hadi ziwa lililo mita 26 juu ya usawa wa bahari, na upande wa Karibiani hatukuuona kabisa. Kuvuka mfereji mzima, takribani kilomita 80, ni safari nyingine na bei yake nyingine. Rekebisheni maneno hayo kabla hamjampotosha mteja mwingine.

Ninataka mnirudishie nyongeza yote ya sitaha ya juu kwa viti viwili, pamoja na nusu ya nauli ya boti. Hoteli na ndege sivigusi, huko mlitenda haki. Ninataka pia barua ya kumwomba radhi mzee, iandikwe kwa jina lake, si kwa "mteja mpendwa". Ndani ya siku 21 nisipopata jibu la maandishi, nitalipeleka suala hili Tume ya Ushindani.

Wenu,
Mteja (jina na namba ya simu mnavyo kwenye fomu ya safari)

Viambatisho: picha tulizopiga tukiwa chini, karibu zote za ukuta, nakala ya tangazo, nakala ya stakabadhi.