Hesabu ya bosi aliyeondoka na hesabu yenu

Tabata, Dar es Salaam

Ndugu yangu Hamisi,

Salamu nyingi. Natumaini shemeji na watoto hawajambo, na mvua haijawakatia njia huko Mbagala.

Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mpaka mwisho. Umeuliza mambo mawili kwa mkupuo: bosi wenu kaondoka na shilingi ngapi, na nyinyi mliobaki mfanye nini. La kwanza ndilo linalochemka kwenye grupu lenu la WhatsApp. La pili ndilo lenye pesa. Nitajibu yote mawili, ila nivumilie nianze na hesabu, maana hasira yenu bila hesabu itaishia kwa mama lishe saa saba mchana.

Chukua karani mwenye mshahara wa msingi wa 780,000, anayefanya kazi siku sita kwa wiki, mwenye miaka 22 kwenye kampuni. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inasema mwajiri akimwachisha, kiinua mgongo chake kisipungue mshahara wa msingi wa siku 7 kwa kila mwaka aliokamilisha, na miaka inayohesabiwa mwisho wake ni 10. Gawa 780,000 kwa 26, unapata 30,000 kwa siku. Zidisha kwa 7, kisha kwa 10: shilingi 2,100,000. Ile miaka 12 ya juu imekwenda bure. Ataongezewa mshahara wa notisi, likizo ambayo hakwenda, na nauli ya kumrudisha alikoajiriwa kama hakuajiriwa hapa. NSSF iweke pembeni kabisa. Hiyo ni akiba yake na hakuna aliyempa zawadi.

Sasa chukua mkurugenzi mtendaji. Naweka mfano tu, simsemi wenu. Ana mkataba wa miaka 3, mshahara wa 45,000,000 kwa mwezi, na kipengele cha kiinua mgongo cha asilimia 25 ya mshahara kwa kila mwezi aliotumikia. Bodi inamchoka baada ya miezi 22. Miezi 14 iliyobaki ni 630,000,000. Asilimia 25 ya miezi aliyotumikia ni 247,500,000. Jumla 877,500,000. Ukizigawa kwa yule karani, zinawalipa makarani 417 na chenji inabaki. Gari, nyumba ya Masaki na ada za shule sijazigusa.

Angalia vizuri hapo, maana ndipo penye kiini chote. Bosi hakupewa hizo pesa siku ya kuondoka. Aliziandikisha siku ya kuingia, wakati kampuni inamtaka, mwanasheria wake kakaa pembeni, na kila mlango wa kutokea umeshawekewa bei. Mkataba wa muda maalumu ukivunjwa katikati bila sababu halali, madai ya kwanza yanayokwenda mezani ni mishahara ya miezi iliyobaki, na bodi inalijua hilo. Kesi itachukua muda na itaanika mambo, kwa hiyo inaona nafuu kulipa na kusaini makubaliano ya kuachana yenye sharti la kufunga mdomo. Ndiyo maana mnaona tangazo la mistari minne, "ameamua kutafuta fursa nyingine", na hakuna anayejibu swali. Karani wetu siku ya kuingia alipewa karatasi mbili, akaonyeshwa pa kusaini. Fomula yake aliandikiwa na Bunge, na ni ile ya chini kabisa inayoruhusiwa.

Kwa wenzetu ni hivyo hivyo, kwa tarakimu kubwa zaidi. Robert Nardelli, mkurugenzi mtendaji wa maduka ya vifaa vya ujenzi ya Home Depot huko Marekani, alitoka Januari 2007 na kifurushi cha dola milioni 210, hisa zikiwa zimedorora kipindi chote chake. Marekani walijaribu kuzuia mapema, mwaka 1984: malipo ya kuondoka yanayotokana na kampuni kununuliwa yakifika mara tatu ya wastani wa kipato cha mhusika, yanakatwa kodi ya ziada ya asilimia 20. Unajua kilichofuata? Mikataba ikaanza kuandikwa mara 2.99. Ambao hawakuwa na kipengele hicho nao wakakidai, kwa kuwa sheria imeshaonyesha kipimo kinachokubalika. Kampuni nyingine zikajitolea kumlipia mkubwa ile kodi yenyewe. Kwa hiyo ukisikia mtu anasema "serikali iweke kikomo tu", mkumbushe ya 1984.

Mkasa ambao tawi lenu la chama cha wafanyakazi linapaswa kuujua kwa undani ni wa American Airlines, 2003. Shirika lilikuwa linachungulia kufilisika. Vyama vya marubani, wahudumu wa ndege na mafundi vikakubali kupunguziwa, na makato yote ya gharama za wafanyakazi yalikuwa kama dola bilioni 1.8 kwa mwaka. Kura zilipokwisha kupigwa ndipo ikatoka taarifa ya kampuni kwa mamlaka ya hisa, na ndani yake kuna bonasi za kuwabakiza vigogo wachache, pamoja na mfuko wa pensheni yao uliowekwa mahali ambapo hata kampuni ikifilisika hauguswi. Wafanyakazi wakataka kura irudiwe. Bonasi zikafutwa, mkurugenzi Don Carty akajiuzulu tarehe 24 Aprili, na masharti ya makubaliano yakalegezwa kidogo. Ule mfuko wa pensheni ulibaki. Kilichowachoma watu ni kwamba waliombwa wafunge mkanda na mtu ambaye wake alikuwa ameshaulegeza kimyakimya, na karatasi ikacheleweshwa mpaka wamalize kusaini.

Uswisi walikwenda kwa kura ya wananchi. Mwenyekiti Daniel Vasella alikuwa anaondoka kampuni ya dawa ya Novartis kwa ahadi ya faranga milioni 72 ili asifanye kazi kwa washindani. Kelele zikawa kubwa, akaziacha. Tarehe 3 Machi 2013, karibu asilimia 68 ya wapiga kura wakapitisha kwamba kampuni zilizo kwenye soko la hisa zisilipe wakubwa malipo ya kuondoka. Lakini Novemba mwaka huo huo walipoulizwa kama mkubwa asizidi mara 12 ya mfanyakazi wa chini, wakakataa. Watu walewale! Mimi nasoma hivi: mshahara mkubwa wa mtu aliyepo kazini unavumilika, anayelipwa ili aondoke, hapana.

Hapa kwetu mjadala huu ni wa zamani. Oktoba 1966 wanafunzi wa Chuo Kikuu walipoandamana kupinga Jeshi la Kujenga Taifa na kuwarushia viongozi maneno ya mishahara mikubwa, Mwalimu aliwafukuza, kisha akakata mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20. Miezi michache baadaye likaja Azimio la Arusha na masharti ya uongozi: usiwe na mishahara miwili, usiwe na hisa, usiwe mkurugenzi wa kampuni ya kibepari. Mwaka 2016 Rais Magufuli akasema wakuu wa taasisi za umma wasizidi milioni 15 kwa mwezi. Yote hayo yaligusa viongozi na taasisi za umma. Kwenu ni kampuni binafsi; kuna amri ya kima cha chini cha mshahara, kima cha juu hakipo.

Haya, swali lako la kwanza. Kama kampuni imeorodheshwa Soko la Hisa la Dar es Salaam, subiri ripoti ya mwaka ambao bosi ameondoka. Inatoka mwaka unaofuata. Nyingi ni za Kiingereza. Ruka picha na barua ya mwenyekiti, nenda nyuma kwenye maelezo ya hesabu, sehemu ya miamala na wahusika wa karibu, utafute "key management". Kiwango cha uhasibu IAS 24 kinalazimisha jumla ya malipo ya menejimenti ya juu ioneshwe kwa mafungu matano: malipo ya muda mfupi, ya baada ya ajira, ya muda mrefu, ya kuachishwa na ya hisa. Fungu la kuachishwa ndilo lako. Mwaka jana halikuwepo na mwaka huu lipo? Umepata jibu bila kuvujisha chochote. Wakiweka jumla tupu, linganisha miaka miwili, lakini hakikisha idadi ya watu wanaohesabiwa haijabadilika, la sivyo utatangaza uongo. Jina la mtu mmoja mmoja kwa kawaida hulipati hapo.

Benki ni rahisi zaidi, maana taarifa zao za robo mwaka gazetini zina mstari wa mishahara na mafao na mstari wa idadi ya wafanyakazi, gawa tu upate wastani wa kila mmoja. Na kama mwenye kampuni yuko London na ameorodheshwa huko, ripoti yao inataja mkurugenzi mmoja mmoja kwa jina, ila ni wa bodi ya kule, bosi wenu wa hapa Barabara ya Nyerere hayumo. BRELA, wanakosajili kampuni, utapata wakurugenzi na wanahisa, mishahara hupati.

Mnaweza pia kununua hisa chache, hata kwa simu kupitia Hisa Kiganjani, mkaingia mkutano mkuu kama wenye mali. Nunueni mapema. Daftari la wanahisa likishafungwa, tarehe imewapita. Mkifika ulizeni swali moja lenye namba ya ukurasa. Hotuba haijibiwi.

Kuna jambo moja namwomba Mungu mlikwepe: yule kijana wa mishahara asipige picha karatasi ya bosi. Kwanza ni utovu wa nidhamu, na anayefukuzwa kihalali kwa utovu wa nidhamu hana kiinua mgongo. Pili kuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022. Na zile "bilioni mbili" zinazozunguka kwenye grupu, kama hakuna karatasi nyuma yake, acheni kuzisambaza; Sheria ya Makosa ya Mtandao inahusu taarifa za uongo, na mwajiri akishawakamata na tarakimu moja ya uongo, hata zile za kweli hazitasikilizwa.

Swali la pili. Kama chama chenu kina wanachama zaidi ya nusu hapo kazini, ndicho chenye haki ya kujadiliana, na mwajiri analazimika kukipa taarifa zinazohitajika kwa majadiliano. Anaruhusiwa kuficha siri za kibiashara zitakazomletea madhara na taarifa binafsi za mtu ambaye hajaridhia. Kwa hiyo msiombe mkataba wa bosi. Mtanyimwa kihalali na kikao kitaishia hapo. Ombeni jumla kwa daraja: menejimenti ya juu wangapi, wamelipwa kiasi gani kwa pamoja, malipo ya kuondoka miaka 3 iliyopita ni kiasi gani. Ombeni kwa barua, mchukue nakala iliyogongwa mhuri wa kupokelewa.

Kisha ingizeni fomula ya kuondoka kwenye mkataba wa hali bora, yaani ule wa chama chenu na mwajiri, sasa hivi, wakati hakuna tangazo la kupunguza watu. Siku 7 ni kiwango cha chini, sheria haikatazi 20 wala 30. Mimi ningeanza kwa kufuta kile kikomo cha miaka 10, hata siku zikibaki 7. Yule karani wa miaka 22 anapanda kutoka 2,100,000 hadi 4,620,000 kwa sentensi moja, na mwajiri halipi hata senti leo. Pili, tazameni salari slipu zenu. Mara nyingi nyongeza huingizwa kwenye posho ya nyumba na usafiri, mshahara wa msingi unabaki ulivyokuwa. Mfukoni unaona raha, ila kiinua mgongo kinahesabiwa kwa msingi tu, kwa hiyo kila nyongeza ya posho inampunguzia mwajiri gharama ya kukuondoa. Daini nyongeza iingie kwenye msingi. Tatu, pendekezeni kwamba wafanyakazi wakipunguzwa, bonasi za menejimenti za mwaka huo zisimame. Watakataa. Iwekeni hivyo hivyo, mpate cha kuachia mezani ili mbili za kwanza zipite.

Mkiwahiwa na tangazo la kupunguzwa, mkumbuke kwamba mwajiri anatakiwa atoe notisi, aeleze sababu, ashauriane nanyi juu ya njia za kuepuka, vigezo vya kuchagua nani aondoke, muda na malipo, kabla hajaamua. Wengi huja na orodha imeshakamilika. Hapo sainini mahudhurio tu, msisaini makubaliano. Asikubali mtu kuandika barua ya kujiuzulu "ili mambo yawe rahisi": aliyejiuzulu mwenyewe hana kiinua mgongo cha kisheria, na fao la kukosa ajira la NSSF halimhusu. Fomu ya "nimelipwa stahiki zangu zote" irudi nayo nyumbani kwanza. Na aliyeachishwa ana siku 30 za kupeleka mgogoro wake Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Wanaopitwa ni wale wanaosubiri afisa utumishi "anashughulikia", mpaka mwezi umekwisha na inabidi kuomba kibali cha kuchelewa.

Nitumie mkataba wa hali bora mlionao, hata kama umeisha muda, na salari slipu tatu za madaraja tofauti, majina yafutwe. Jumamosi nipo nyumbani kuanzia alasiri. Njoo na katibu wa tawi, siyo grupu zima.

Wasalimie wote.

Ni mimi,
Baba Neema