Barua ya wazi kwa Waziri wa Maliasili na Utalii: vitu vyetu vikirudi kutoka Ujerumani visiishie Dar

Mheshimiwa Waziri, shikamoo.

Najua meza yako imejaa, tembo wanaoingia mashambani, watalii, mapato, mahoteli, kwa hiyo sikuchoshi na salamu ndefu. Nakuandikia kuhusu makumbusho, tena yale madogo ya kijijini ambayo mtu akitaja utalii wa Tanzania hakuna hata anayeyafikiria, wote tunakimbilia Serengeti na mlima.

Tangu Rais wa Ujerumani, Steinmeier, alivyosimama pale Songea tarehe 1 Novemba 2023 akaomba msamaha kwa yaliyofanywa na Wajerumani wakati wa Maji Maji, habari ya kurudishiwa vitu vyetu imekuwa kubwa. Na ni haki iwe kubwa. Berlin peke yake kuna maelfu ya vitu vilivyobebwa toka huku enzi za ukoloni, mikuki, ngao, viti vya wakubwa, ngoma, vibuyu vya dawa, mpaka mafuvu ya watu, na ndugu zetu wa Songea mpaka leo wanatafuta kichwa cha Nduna Songea Mbano, kiongozi wa Wangoni aliyenyongwa 1906. (Mjusi wa Tendaguru, yule dinosaria wa Lindi aliyeko Berlin, simgusi leo, nikimgusa yule barua haitaisha.) Kila mtu anauliza lini vitarudi. Swali langu mimi ni lingine: vikirudi vinaenda wapi? Maana ninachoogopa ni hiki, vitashuka uwanja wa ndege Dar, vitapigwa picha na waheshimiwa, vitaingia stoo Dar, alafu mtu wa Kisesa au wa Moshi akitaka kuona kiti cha babu yake itabidi atafute nauli ya basi na pa kulala.

Kilichonifanya nikae niandike ni Bujora. Nilienda juzi juzi na watoto wa dada yangu, shule zimefungwa, wanashinda na simu, nikasema leo simu mnaacha nyumbani. Kama hujafika, Mheshimiwa, ni hapo tu nje ya Mwanza, barabara ya Musoma, daladala inakushusha Kisesa alafu boda inakuingiza mpaka getini. Makumbusho ya Wasukuma. Ilianzishwa 1968, na aliyeisimamia ni padri Mkanada, David Clement wa shirika la White Fathers, pamoja na wazee wa Kisukuma. Huyo padri alikuwa mtu wa aina yake, wakati wenzake wengi wanawaambia watu ngoma ni za shetani yeye anaziingiza kanisani, na kanisa lenyewe pale Bujora ni la mviringo kama msonge, na altare imechukua umbo la kiti cha mtemi, yaani chifu wa Kisukuma. Wapo watakaosema na yeye alikuwa mmisionari tu kama wengine, alikuja kubadili watu dini. Sawa, sibishi. Ila vitu vipo mpaka leo na vipo nyumbani.

Ndani hakuna mambo ya vioo na taa za rangi. Ni nyumba nyumba, unatoka moja unaingia nyingine. Kuna msonge wa familia na vyombo vyake, kuna nyumba ya mhunzi unaona jembe lilikuwa linatengenezwaje kabla ya majembe ya dukani, kuna nyumba ya mganga ambayo mpwa wangu mdogo aligoma kabisa kuingia, akabaki mlangoni anachungulia na maswali anauliza kuliko sisi tulioingia. Kuna sehemu ya vyama vya ngoma, Bagika na Bagalu, na hapo kijana anayetuongoza alichangamka kweli kweli, akatuhadithia habari za Ngika na Gumha, wale waasisi waliokuwa wanashindana kwa kucheza na kwa dawa, vikundi viwili vinacheza uwanja mmoja muda mmoja na mshindi ni yule aliyevuta watu wengi upande wake. Watoto wakaelewa fasta, wakasema kumbe ni kama kutafuta wafuasi. Nikawaambia eeh, ila hawa walikuwa wanatoa jasho.

Lakini pa kwenda kuona hasa ni kwenye banda la watemi, limejengwa kwa umbo la kiti cha kitemi. Humo ndo kuna ngoma za watemi. Naomba nikae hapa kidogo Mheshimiwa maana hoja yangu yote iko humo.

Unakumbuka utemi ulifutwa kisheria 1963, na mimi sitetei urudi, nchi ilikuwa inajengwa na Mwalimu alikuwa na sababu zake. Lakini fikiria familia ya mtemi siku ile. Ngoma hazikuwa za kuchezea harusi, zilikuwa ndo utawala wenyewe, zina watu wa kuzitunza na zina siku zake za kupigwa. Sasa utawala hakuna, zile ngoma unaziweka wapi? Nyingine ziliozea majumbani, nyingine wajanja waliuzia Wazungu. Zilizofika Bujora zilifika kwa sababu wenyewe walipaamini. Ni karibu, ukitaka kwenda kuiangalia unaenda na kurudi siku hiyo hiyo, na wanaoitunza unaongea nao Kisukuma.

Siku tuliyoenda sisi alikuwepo mzee mmoja, mgeni kama sisi, amekuja na wajukuu zake. Alivyofika kwenye ngoma mojawapo akasimama, akavua kofia, akaanza kueleza ilikuwa ya upande gani, inapigwa lini, nani alikuwa haruhusiwi kuigusa. Yule kijana wa kutuongoza akanyamaza akawa anasikiliza, baadaye namuona anaandika kwenye simu yake. Mheshimiwa, kitu kama kile Berlin hakitokei hata waajiri maprofesa mia. Na Dar nako sidhani kama kinatokea kirahisi, maana yule mzee Dar anaenda kufanya nini? Ngoma ikiwa Kisesa watu wake wanapita hapo hapo, wanaongezea habari, wanakosoa, wanabishana. Ikikaa mbali inabaki na kikaratasi kimeandikwa "ngoma, Afrika Mashariki".

Na wala sio jambo jipya nchini kwetu. Fuvu la Mkwawa, mtawala wa Wahehe aliyepigana na Wajerumani, lilipelekwa Ujerumani baada ya yeye kujipiga risasi 1898, likaandikwa mpaka kwenye mkataba wa Versailles wa 1919 kwamba lirudishwe, wakazungushana weee mpaka Gavana wa Mwingereza, Twining, alipolileta mwaka 1954. Na halikuwekwa Dar. Lilipelekwa Kalenga, kijijini, nje kidogo ya Iringa, kwa Wahehe wenyewe, na mpaka leo lipo pale kwenye makumbusho ndogo tu. Mkoloni, pamoja na siasa zake zote, aliona fuvu lile lina kwao. Sisi wenyewe tutashindwaje kuona?

Najua wataalamu wako watasema nini, na kwa kweli wana hoja. Ngoma ni mti na ngozi, inaliwa na mchwa, inaliwa na wadudu, unyevunyevu wa ziwa nao haucheleweshi. Kuna wizi. Kuna moto. Wajerumani hawawezi kukubali kukabidhi kitu kwenye nyumba isiyo na kufuli la maana. Haya yote ni kweli, ila jibu lake ni kuziwezesha hizo sehemu, siyo kuzipita. Hela zitakuja kwenye hili zoezi, mazungumzo ya kurudisha vitu hayaji mikono mitupu, kwa hiyo tunaomba kwenye hayo mazungumzo makumbusho ya vijijini yawe na kiti. Fundisheni vijana wawili watatu wa kila sehemu namna ya kutunza mti na ngozi, namna ya kupiga picha na kuandikisha kila kitu kwenye kompyuta. Tumeni watu na vinasa sauti wakakae na wazee kama yule niliyemkuta, leo sio kesho. Dar ibaki na maabara, ibaki na vile visivyojulikana kwao ni wapi, na makumbusho ya taifa iwe inakopesha na kukopa na hawa wadogo. Wanigeria tumeona walivyovutana juu ya shaba za Benin, zile sanamu zilizoporwa na Waingereza, Ujerumani imeshakabidhi 2022, alafu 2023 likatoka tamko kwamba mwenye mali ni Oba, mfalme wa Benin, makumbusho huko Ulaya zikashtuka nyingine zikasita. Bora sisi tubishane sasa hivi mapema, vitu vikiwa bado havijapakiwa.

Kuna jambo dogo la pembeni. Makumbusho yako kwako, utamaduni uko kwa waziri mwenzako, Bujora yenyewe ni ya kanisa, na vitu vilivyoko Berlin ni mambo ya nje. Sisi wananchi tukiuliza hatujui tugonge mlango upi. Naandika kwako kwa sababu nimeona wako ndo wa karibu, kama nimekosea mlango naomba unisogezee barua.

Mama Samia mwenyewe alishafika Kisesa, Septemba 2021, akasimikwa uchifu akaitwa Hangaya, kwa hiyo sina wasiwasi kwamba njia ya kufika inajulikana. Bulabo, sikukuu yetu ya ngoma, ni kila mwaka mwezi wa sita, Bagika na Bagalu wanakuwepo, wale wanaocheza na machatu wanakuwepo, wacheza bugobogobo na majembe yao wanakuwepo. Tunakukaribisha. Ila usiishie jukwaa kuu ukaondoka na msafara, pita Bujora, na uje na mtu wako wa bajeti na yule anayeongea na Wajerumani, muwakute wazee muwaulize wao vitu vikirudi wanataka vikae wapi.

Ni mimi mwananchi wako,
Mwanza