Nyimbo za Krismasi za zamani zina wenyewe, watajwe

Mhariri,

Niruhusu nimjibu msomaji aliyeandika kwenye ukurasa huu kwamba redio zetu ziache kupiga "nyimbo za wazungu na theluji yao" kila ifikapo Desemba, zipige kwaya za hapa nyumbani. Kwamba kwaya zetu zipewe nafasi zaidi, sina ubishi. Kwamba nyimbo hizo za zamani ni za wazungu, hapo hatutaelewana, ingawa lawama simtupii yeye peke yake. Nyimbo hizi zinalia masikioni mwetu tangu Novemba inapokata mpaka Mwaka Mpya: madukani, kwenye daladala, kwenye mabasi yanayotupandisha Kilimanjaro kula sikukuu. Sijui mara ya mwisho lini mtangazaji alitamka nani kaimba, achilia mbali nani katunga. Msikilizaji akiachiwa kukisia, atakisia kama alivyokisia mwenzangu.

Tuchukue ule unaopigwa kuliko yote, "Mary's Boy Child". Mtunzi wake ni Jester Hairston, Mmarekani mweusi aliyezaliwa North Carolina mwaka 1901, mjukuu wa watumwa. Alisomea muziki Chuo Kikuu cha Tufts, na maisha yake mengi yalikuwa ya kwaya: kuongoza, kufundisha, na kuzipangia sauti zile nyimbo za kiroho walizoziacha watumwa. Wimbo wenyewe haukuanza kanisani. Ulikuwa kalipso (mtindo wa muziki wa visiwa vya Karibi) ya kumwimbia rafiki siku yake ya kuzaliwa. Baadaye mwongoza kwaya Walter Schumann akamwomba Hairston wimbo mpya wa Krismasi, naye akaichukua ile kalipso akaitia habari za Bethlehemu. Sikiliza mwendo wake, utasikia visiwa vya Karibi humo ndani kabla hujafikia kiitikio.

Aliyeupeleka duniani ni Harry Belafonte, aliyeurekodi mwaka 1956. Belafonte alizaliwa Harlem, New York, mwaka 1927, kwa mama Mjamaika, na sehemu ya utoto wake aliishi Jamaika. Mwishoni mwa 1957 wimbo wake ulikaa namba moja Uingereza wiki saba, ukauza nakala zaidi ya milioni moja huko huko. Na mtu huyu hakuwa mgeni kwetu. Mwaka 1959 mwanasiasa wa Kenya Tom Mboya alipokuwa anahangaika kupata nauli za vijana wa Kenya waliopata nafasi katika vyuo vya Marekani, waliotia saini barua ya kuomba michango ni Belafonte, mwigizaji Sidney Poitier na mchezaji wa besiboli Jackie Robinson. Septemba mwaka huo wanafunzi 81 wakapanda ndege. Wakati huo Kenya bado koloni, na kijana mweusi wa kufika chuo kikuu alikuwa wa kuhesabika. Kwa hiyo sauti hiyo inayotoka dukani Desemba, ikiwa ni ya Belafonte, ni sauti ya mtu aliyechangisha fedha ili watoto wa majirani zetu wasome.

Tena mwaka 1965 Belafonte na Miriam Makeba walitoa santuri ya pamoja, na mojawapo ya nyimbo walizoimba humo ni "Malaika". Kwa Kiswahili.

Wengi wetu, hata hivyo, hatuujui wimbo wa Hairston kwa sauti ya Belafonte. Tunaujua kwa Boney M., walioutoa mwishoni mwa 1978 wakiuunganisha na kipande kingine, "Oh My Lord", ukawa namba moja wa Krismasi Uingereza mwaka ule na kupita milioni tena. Boney M. lilikuwa kundi la Ujerumani, hilo kweli. Mwenye kundi alikuwa mtayarishaji Frank Farian, Mjerumani. Lakini waangalie waliosimama jukwaani. Liz Mitchell na Marcia Barrett walizaliwa Jamaika. Maizie Williams alitoka Montserrat. Bobby Farrell, yule wa kurukaruka na kifua wazi, alitoka Aruba. Wote wanne watu weusi wa Karibi. Sauti inayoongoza unayoisikia kila mwaka ni ya Liz Mitchell, na kama kuna jina moja tu ambalo mtangazaji atalitamka mwaka huu kwa ajili yangu, basi naomba liwe hilo.

Hapa niseme jambo ambalo mashabiki wa Farrell hawalipendi. Studio hakuwa anaimba. Sauti nzito ya kiume kwenye santuri za Boney M. ni ya Farian mwenyewe, na Maizie Williams naye hakusikika kwenye rekodi hizo. Farrell alicheza na kufuatisha midomo, na kwa kucheza hakuwa na mpinzani. Alifariki tarehe 30 Desemba 2010 akiwa St. Petersburg, Urusi, ambako alikuwa amekwenda kutumbuiza, nyimbo zake za sikukuu zikiwa bado hewani kila mahali. Nalitaja hili kwa sababu hata waliojaaliwa kutajwa, tumewataja visivyo: sifa za Farian tukampa Farrell, za Liz Mitchell tukawagawia kundi zima.

Mwaka 1981 Boney M. walitoa albamu nzima ya Krismasi, ndiyo inayopigwa mpaka leo kuanzia "Feliz Navidad" hadi "Little Drummer Boy". ("Feliz Navidad" nayo si yao. Ni ya José Feliciano wa Puerto Rico, mpiga gitaa asiyeona, ya mwaka 1970.) Mwaka huohuo wa 1981, miezi michache kabla, walikuwa wameimba nini? "Malaika". Yaani waimbaji wawili waliotufanya tuujue wimbo wa Hairston, Belafonte kwanza na Boney M. baadaye, wote wamewahi kuimba kwa lugha hii ninayoandikia barua. Mwenzangu anaposema nyimbo hizi hazituhusu, ningependa ajue hilo kwanza, halafu ndipo tuendelee kubishana.

Yupo Jim Reeves, najua. Hapo mwenzangu anaweza kudhani kanikamata. Mzungu wa Texas, mwimbaji wa kantri, na hakuna nyumba ya mtu mzima huku uchagani ambayo haijawahi kusikia ile sauti yake ya chini inayokwenda taratibu kama mtu anayeshuka ngazi gizani. Albamu yake ya Krismasi ilitoka mwaka 1963. Tarehe 31 Julai 1964 ndege ndogo aliyokuwa akiiendesha mwenyewe ilianguka kwenye dhoruba karibu na Nashville, akafa akiwa na miaka 40. Krismasi moja tu aliiona albamu hiyo ikipigwa. Sisi tumeiona zaidi ya sitini. Na ndani ya albamu hiyo, katikati ya "Silver Bells" na "Blue Christmas", yumo tena mjukuu wa watumwa: Reeves aliuimba wimbo wa Hairston. Isitoshe, kabla ya kuwa nyota Reeves alikuwa mtangazaji wa redio. Kazi yake ilikuwa kuwatambulisha wenzake hewani kwa majina.

Sasa hiyo theluji. "White Christmas" ilitungwa na Irving Berlin, Myahudi aliyezaliwa katika milki ya Urusi mwaka 1888 na kufika Marekani akiwa mtoto mdogo. Mwimbaji Bing Crosby aliirekodi Los Angeles mwishoni mwa Mei 1942, mji ambao theluji hauijui. Alivyouandika Berlin, wimbo una beti ya utangulizi ambayo waimbaji wengi huiacha, na beti hiyo inamweka msimulizi Beverly Hills, penye jua na minazi, akitamani baridi ya kaskazini. Ni wimbo wa mtu aliye mbali na kwao. Berlin mwenyewe alikuwa na sababu nyingine ya kuisikia sikukuu hiyo vibaya: mwanawe wa kiume alikufa mchanga siku ya Krismasi ya 1928. Ukishajua hayo, unaweza kuupenda au kuuacha, lakini ule mzaha wa "theluji yao" unapungua nguvu. Na sisi wa Moshi tusijitie hatujui kitu hicho. Tunakiona kule juu Kibo huku mashati yametulowa jasho.

Majina yamepoteaje? Nitasema ninavyoona mimi niliyepitia vyombo vyote hivyo. Santuri ilikuwa na karatasi katikati, na kwenye karatasi ile, chini ya jina la wimbo, mtunzi ameandikwa kwenye mabano. Hata asiyejua Kiingereza aliweza kusoma "Hairston". Ikaja kaseti. Ya kwanza dukani ilikuwa na maandishi, lakini nani alinunua ya dukani? Tulinakili, tukanakili ya kunakili, na juu tukaandika kwa kalamu "Xmas", basi. Siku hizi ni flashi ya utingo yenye nyimbo mia tatu zilizounganishwa na DJ asiyetaka kusikika jina la mtu mwingine isipokuwa lake, analolipachika katikati ya ubeti. Kituo cha redio hakina udhuru huo. Intaneti wanayo, na kutafuta mtunzi wa wimbo maarufu ni kazi ya muda mfupi kuliko tangazo moja la sabuni.

Ajabu ni kwamba kwenye kwaya zetu, hizo anazozitetea mwenzangu, jambo hili tunalijua vizuri. Nenda mazoezini parokia yoyote Katoliki, omba nota. Juu ya karatasi, upande wa kulia, kuna jina la mtunzi. Karatasi imetolewa fotokopi mpaka mistari inafifia, lakini jina limo. Ndiyo maana wanakwaya ambao hawakuwahi kumwona marehemu John Mgandu wanamtaja kama mtu wa familia. Karatasi hiyohiyo ikishageuka wimbo wa redio, jina linabaki kanisani. Mtangazaji anasema "hiyo ilikuwa kwaya nzuri sana" na kuingia kwenye matangazo ya biashara. Kwa hiyo wa kwetu wanaumia pamoja na wa mbali. Tumeshaona hasara yake kwa "Malaika" yenyewe: dunia nzima inaiimba, na mpaka leo hatujamaliza kubishana kama ni ya Fadhili William aliyeirekodi au ya Adam Salim aliyedai kuitunga.

Ombi langu kwa watangazaji, kupitia kwako Mhariri, ni dogo. Kila wimbo wa Krismasi, majina mawili: aliyetunga na aliyeimba. Kwa wa Boney M. mseme Hairston na Liz Mitchell. Kwa wa kwaya ya mtaani mseme mwalimu wa kwaya, si parokia tu. Na kwa msomaji mwenzangu: piga simu kituoni uombe kwaya yako, mimi nitakuunga mkono, ila baada yake wakiweka Belafonte usizime redio.

Mwalimu mstaafu,
Moshi