Lori Lisilo na Pedali ya Klachi

Swahiba wangu,

Salamu nyingi. Barua yako nimeisoma nikiwa kebini, nasubiri zamu yangu ya kupakia, nikacheka peke yangu kama kichaa. Ati umepewa lori la otomatiki na mguu wa kushoto umekosa kazi! Usione haya. Siku yangu ya kwanza nilitafuta klachi isiyokuwepo, mguu ukaangukia breki kwa nguvu zote, na utingo akakaribia kubusu kioo. Tangu hapo mguu huo nauegesha pembeni na siuitii kwa lolote.

Kicheko kilinikauka uliposema wenzako wamekuambia kazi sasa imekwisha, kwamba ni mafuta na breki tu, mengine gari linajua lenyewe. Gari linajua nini? Linajua spidi yake, mzunguko wa injini, na umekanyaga mafuta kiasi gani. Mengi ya siku hizi yanapima hata mwinamo wa barabara na kukadiria uzito wa mzigo. Lakini ukitoa yale yenye ramani ya barabara ndani yake, lori linaujua mlima likiwa limeshauanza. Wewe umeuona tangu uko mbali. Tofauti hiyo ndiyo kazi yako iliyobaki, na ukiwa umebeba tani nyingi si kazi ndogo.

Kwanza muulize fundi: giaboksi hii ina klachi au ina konveta? Watu huziita zote otomatiki, na kinachoiua moja sicho kinachoiua nyingine.

Ya kwanza ndani ni giaboksi ile ile tuliyokuwa tukiisagisha meno zamani, mara nyingi ya gia 12, ila klachi, ile inayoiunganisha injini na giaboksi, inabonyezwa na mashine kwa amri ya kompyuta. I-Shift ya Volvo, iliyotoka mwaka 2001, ni ya jamii hiyo, na malori mengi ya masafa marefu yako hivyo. Ya pili haina klachi ya kuondokea. Ina konveta: magurudumu mawili yenye mapanga, yametazamana ndani ya mafuta ya gia. Moja linazungushwa na injini, linayasukuma mafuta, mafuta yanalizungusha la pili. Allison ndilo jina utakaloliona zaidi kwenye hizo, kwenye matipa, magari ya taka na ya zimamoto. Lori likiwa ndiyo kwanza linaondoka, konveta inaweza kuzidisha nguvu ya injini kufikia karibu mara mbili, ndiyo maana mzigo unanyanyuka polepole bila kushtuka. Malipo yake ni joto.

Hiyo ya klachi mimi nilijifunza kwa pua. Tulikuwa foleni kwenye mwinuko wa machimbo, nimejaza mpaka juu, na kila lori la mbele likisogea hatua mbili nami nasogea hatua mbili. Kati ya hapo nililizuia lori lisirudi nyuma kwa kukanyaga mafuta kidogo kidogo. Nikaona raha, halirudi, haliendi. Kumbe kompyuta ilikuwa inafanya kile tulichokuwa tukikatazwa tangu tunajifunza: klachi nusu imeshika, nusu inateleza, dakika nzima. Ikaja harufu unayoijua. Likaja onyo kwenye dashibodi, na mimi nikalipuuza kwa sababu zamu yangu ilikuwa imefika. Fundi alipoifungua alinionyesha sahani ya klachi ikiwa na rangi ya buluu, akanyamaza tu. Ningependa angenitukana.

Kwa hiyo kwenye mwinuko shika breki. Lori lako likiwa na kifaa cha kulizuia lisirudi, kitumie, lakini kumbuka kinakushikia kwa muda mfupi tu. Kwenye foleni acha nafasi ikue mbele yako, kisha uondoke mara moja kwa gia ya chini na usogee kwa maana. Dereva wa nyuma akipiga honi, mwache apige.

Ukiambiwa ni konveta, mshale wa kuuangalia ni wa joto la mafuta ya gia. Usikanyage mafuta mpaka mwisho huku magurudumu yamesimama, umekwama labda, kwa zaidi ya sekunde 10, maana nguvu yote ya injini inageuka kuwa joto ndani ya yale mafuta. Joto la mafuta likipita nyuzi 120 hivi, tafuta mahali salama, simama, funga hendibreki, weka fri (gia isishike, ile N), kisha iachie injini mizunguko 1,200 hadi 1,500 kwa dakika, kwa muda wa dakika mbili tatu. Usikimbilie kuzima! Pampu inayopeleka mafuta kwenye kipoozeo inazungushwa na injini. Ukizima, umeyafungia mafuta ya moto yalipo. Kama joto halishuki kwa dakika hizo, hapo pana ubovu, mwite fundi.

Kupanda mlima. Hiyo ya klachi kila inapobadili gia inakata nguvu kwa kitambo kidogo. Barabara ikiwa tambarare huhisi kitu. Kwenye mlima mkali, kitambo hicho kinatosha lori lianguke spidi, kompyuta ione spidi imeanguka, ishushe gia nyingine, na hapo tena lianguke. Nimewahi kuona lori linatafuta gia hivyo mpaka likasimama katikati ya mlima. Ukiona mlima unakuja, weka hali ya mkono, ile ya kuchagua gia mwenyewe, shusha gia ungali na mwendo, kisha iache hapo mpaka kileleni. Tope na mchanga ni vivyo hivyo: chagua gia kabla ya kuingia na usiiruhusu ibadili ndani. Konveta haikati nguvu, lakini mlima mrefu ukiupanda polepole kwa gia kubwa, ile klachi ndogo inayoyafunga magurudumu yake mawili yaende pamoja inaweza kuachia, na joto likaanza kupanda. Shusha gia moja uone mshale wa mzunguko unavyotulia.

Mteremko ndio ulionifanya nichukue kalamu. Gia unayoitaka ichague juu, kabla ya kuanza kushuka, na upunguze spidi kwanza, kwa sababu kompyuta haitakupa gia ya chini kama inaona injini itazunguka kupita kiasi. Utabonyeza, itakataa, na wewe tayari unateremka. Halafu hili wengi hawalijui: kwenye konveta, hata ukiwa umechagua gia ya chini, mzigo ukiisukuma injini ikapita kikomo chake, giaboksi inaweza kupanda gia yenyewe ili kuiokoa injini. Inaokoa injini, haikuokoi wewe. Kwa hiyo usiuache mzunguko ufike huko. Gusa breki mapema.

Breki ya injini, yaani injini yenyewe kulizuia lori, inashika vizuri mzunguko ukiwa juu, kwenye malori mengi karibu na 2,000, basi usione vibaya injini ikinguruma mteremko mzima. Breki za miguu usizikalie kwa mguu mwepesi njia nzima, zitachemka zikose kushika. Ukifikia spidi uliyojiwekea, kanyaga kwa uthabiti mpaka lipungue kama kilomita 8 kwa saa, achia, subiri lipande tena. Kwenye utelezi, hasa trela likiwa tupu, punguza nguvu ya breki ya injini au uizime, maana inashika magurudumu ya kuvuta peke yake na trela linaweza kukukunjia. Na fri kwenye mteremko, hata kwa utani, hapana. Baadhi ya malori yana hali ya kuokoa mafuta inayoachia gia yenyewe kwenye mteremko mdogo. Ukiwa na mzigo kwenye milima, uliza inazimwaje.

Ukiegesha usitegemee gia ikushikie. Malori mengi ya aina hii hayana ile P ya magari madogo, yana N tu, kwa hiyo hendibreki kila mara, na kama pana mwinamo weka vizuizi vya magurudumu. Kuhusu mafuta ya gia sina mengi: yawe ya aina iliyoandikwa na mtengenezaji, si yale yaliyobaki stoo.

Umeniuliza kama naikumbuka klachi. Naikumbuka nikiwa napanda na gari tupu, ile raha ya kuingiza gia bila kusikia kelele. Kwenye foleni ya kupakia, siikumbuki hata kidogo.

Niandikie ukishajua uliyopewa ni ipi, klachi au konveta, uniambie na mteremko wenu mrefu kabisa uko kama kilomita ngapi. Nina swali moja la kukuuliza kuhusu ritada, kile kifaa cha kupunguza mwendo bila kutumia breki za miguu, ila mpaka nijue kwanza kama unayo. Wameshaniwashia taa nisogee kupakia, na lori la mbele limeacha nafasi nzuri.

Wako, wa mguu mmoja wenye kazi